TANSIO, CHUMVI NA MAFUTA YA DAMU: POMPI NDOGO ZILIZO NDANI YA MWILI WAKO

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayeshika nyumba, leo ukurasa wetu wa usalama na afya unazungumza juu ya ugonjwa usiopiga hodi. Malaria hukutetemesha, kuhara hukulaza, jiwe likikuangukia unaona damu. Lakini shinikizo la damu, ndilo lile tunaloliita tansio, laweza kukaa mwilini miaka 10 bila kukuuma hata siku moja. Siku linapojionyesha, mara nyingi ni kwa kiharusi: mkono umelegea, mdomo umepinda, maneno hayatoki.

Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu bilioni 1.28 wenye umri kati ya miaka 30 na 79 walikuwa na tansio duniani. Karibu nusu yao hawakujua kama wanayo. Basi usiseme, "Mimi kichwa hakinigongi, niko mzima." Kichwa si mashini ya kupimia tansio.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya nyinyi mnaofanya kazi mgodini, na kwa jamaa zenu walioko Katoto, Kamina na pande zote za Haut-Lomami. Nitaeleza jambo ambalo watu hawaelezwi mara nyingi: ndani ya mwili kunapita nini mpaka damu inapanda, na kwa nini chumvi na mafuta vinatajwa kila mara pamoja. Mtu akijua sababu, anashika shauri kwa urahisi zaidi.

NAMBA MBILI, MAANA YAKE NINI?

Ukipimwa tansio unaambiwa namba mbili. Kwetu wengi wanasema "12 kwa 8", na katika kitabu utaona imeandikwa 120/80. Ni kitu kimoja. Namba ya kwanza ni nguvu ya damu wakati moyo unapofinya na kuisukuma. Namba ya pili ni nguvu inayobaki katika mishipa wakati moyo unapopumzika kabla ya kufinya tena.

Mtu akipimwa siku mbali mbali, akiwa ameketi na kutulia, na kila mara anapata 14 kwa 9 au zaidi, yaani 140/90, huyo tunasema ana tansio. Hata kama namba moja tu ndiyo imepita mpaka, lazima afuatwe. Kipimo cha siku moja tu, baada ya kupanda ngazi mbio au kugombana na mtu, hakitoshi kumhukumu mtu.

POMPI ZA MGODINI NA POMPI ZA MWILINI

Wewe uliyefanya kazi chini ya ardhi unajua vizuri maana ya pompi. Maji yanaingia mgodini usiku na mchana, hayangoji ruhusa. Pompi zikifanya kazi, watu wanachimba kwa amani. Pompi zikilegea, maji yanapanda, na hata kama hakuna aliyepiga kelele, hatari imekwisha kuingia.

Mwili wako umejengwa hivyo hivyo. Nyama yote, ngozi, moyo, figo na mishipa ya damu, vimefanywa kwa seli, yaani vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kila seli ina ngozi yake nyembamba. Nje ya seli kuna sodiamu nyingi. Sodiamu ndiyo sehemu moja ya chumvi yetu ya kupikia. Ndani ya seli kuna potasiamu nyingi, ile inayopatikana katika ndizi, maharage, viazi vitamu na mboga za majani. Potasiamu iliyo ndani ya seli inapita ile iliyo ndani ya maji ya damu zaidi ya mara 30.

Sodiamu na potasiamu hizi zinatembea zikiwa na chaji ya umeme, kwa hiyo wataalamu huziita ioni. Kila saa sodiamu inajipenyeza kuingia ndani, na potasiamu inatoroka kwenda nje, kama vile maji yanavyojipenyeza katika miamba. Ni nani anayerudisha kila kitu mahali pake? Ni pompi ndogo zilizopandwa katika ngozi ya seli. Kila zamu moja, pompi hutoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani. Kazi hiyo haisimami hata ukilala. Mtu akiwa amepumzika, karibu robo ya nguvu anayotumia mwili inakwenda kwenye pompi hizo.

Aliyezivumbua pompi hizo ni mtaalamu wa Denmark, Jens Christian Skou. Mwaka 1957 alitoa habari zake baada ya kuchunguza mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa, yule mdudu wa baharini. Miaka 40 ilipita kabla ya kupewa Zawadi ya Nobel ya kemia, mwaka 1997. Kazi iliyoanzia kwenye mguu wa kaa ndiyo inayotusaidia leo kuelewa tansio ya mchimbaji.

POMPI IKILEGEA, MSHIPA UNABANA

Sasa tazama mshipa wa damu. Mshipa si bomba la chuma. Ukuta wake una misuli midogo inayoweza kujikaza na kujilegeza. Ikijikaza, njia inakuwa nyembamba na damu inapita kwa nguvu. Ikijilegeza, njia inapanuka na tansio inashuka.

Kinachoamuru misuli hiyo ijikaze ni ioni nyingine, jina lake kalsiamu. Seli ya mshipa ina mlango mmoja unaotumia sodiamu ya nje kuisukuma kalsiamu itoke. Sodiamu ikijaa ndani ya seli, mlango huo hauna nguvu tena, kalsiamu inabaki ndani, na misuli inakaza zaidi kuliko inavyotakiwa. Mwaka 1977 mtaalamu wa Marekani, Mordecai Blaustein, alieleza njia hiyo kuwa sababu mojawapo inayoweza kupandisha damu.

Figo nazo zina kazi yake. Ndizo zinazochuja damu na kutupa chumvi iliyozidi katika mkojo. Ukila chumvi nyingi kuliko figo zinavyoweza kuitupa haraka, mwili unashika maji ili kuizimua. Damu inaongezeka katika mishipa ile ile. Basi una mambo mawili kwa mara moja: damu imekuwa nyingi, na bomba limekuwa jembamba. Mtu yeyote wa pompi anajua kitakachotokea.

WATAALAMU WALIONA NINI KATIKA DAMU

Kuchukua mshipa wa mtu mzima na kuuchunguza si rahisi. Kwa hiyo wataalamu walitumia chembe nyekundu za damu, kwa sababu nazo zina pompi na milango katika ngozi yake, na tone la damu linapatikana bila shida.

Mwaka 1979 Ricardo Garay na Philippe Meyer, huko Ufaransa, walitangaza kwamba chembe nyekundu za watu wengi wenye tansio zinapitisha sodiamu na potasiamu kwa namna iliyo tofauti na za watu wazima. Mwaka 1980 Mitzy Canessa na wenzake, huko Marekani, walipima mlango mwingine, ule unaobadilisha sodiamu kwa lithiamu. Lithiamu ni ndugu wa sodiamu, na wataalamu waliitumia kufuata njia kama vile mtu anavyotia rangi katika maji ili aone yanapita wapi. Walikuta mlango huo una mbio zaidi kwa watu wenye tansio.

Na sisi Wakongo tuliingia katika habari hiyo. Profesa Jean-René M'Buyamba-Kabangu, mganga ambaye baadaye alijulikana sana katika Chuo Kikuu cha Kinshasa kwa kazi yake juu ya tansio, alifanya uchunguzi pamoja na waganga wa Leuven, Ubelgiji. Mwaka 1984 walitoa habari za kulinganisha chembe nyekundu za wanaume weusi na za wanaume weupe, wote wakiwa wazima. Chembe za weusi zilikuwa na sodiamu nyingi zaidi ndani, na mlango mmoja unaopitisha sodiamu pamoja na potasiamu ulikuwa mzito zaidi. Mwaka 1986 yeye na wenzake walitoa pia habari za tansio na za sodiamu na potasiamu katika mkojo wa wakaaji wa mjini katika nchi yetu.

Usielewe vibaya. Hii si kusema kwamba mtu mweusi amezaliwa na ugonjwa. Watu waliopimwa walikuwa wazima. Maana yake ni kwamba wengi wetu tuna mwili unaojua kuishika chumvi. Katika nchi ya joto, ambako chumvi ilikuwa mali ya thamani, mwili wa namna hiyo haukuwa na shida. Wakubwa wetu wanakumbuka habari za Waluba wa zamani, jinsi chumvi na chuma vilivyokuwa bidhaa za biashara katika ufalme wao. Kitu kinachobebwa kichwani siku nyingi hakitupwi katika chungu kwa mikono miwili. Leo chumvi ni bei rahisi, nayo imejificha katika vyakula vingi.

KUTOKA KIJIJINI KWENDA KAMBINI

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Donnison, aliandika juu ya watu wapatao 1,000 aliowapima upande wa Kavirondo, magharibi ya Kenya. Aliona jambo la ajabu: kwa watu wale damu haikupanda kwa sababu ya uzee, kama ilivyopanda kwa Wazungu.

Miaka mingi baadaye, Neil Poulter na wenzake wa Kenya na Uingereza waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini magharibi ya Kenya kwenda kutafuta kazi Nairobi. Habari zao zilitoka mwaka 1990. Waliohamia mjini walikuwa na tansio ya juu kuliko wenzao waliobaki kijijini, na tofauti hiyo ilionekana mapema, hawakungoja uzee. Mkojo wao ulionyesha sababu mojawapo: sodiamu imeongezeka, potasiamu imepungua. Watu walikuwa wale wale, kabila lile lile, wazazi wale wale. Kilichobadilika ni sahani, na maisha.

Tazama sasa safari yetu wenyewe. Kijana anatoka Katoto, anapanda treni Kamina, anateremka upande wa migodi. Nyumbani alikuwa anakula bukari na sombe, viazi vitamu, karanga, maharage, maembe wakati wake, na alikuwa anatembea kwa miguu. Kambini anakula mkate asubuhi, makayabu au samaki wa kopo mchana, nyama ya kuchoma yenye chumvi jioni, pamoja na bia. Mchuzi umetiwa kibe cha kupikia, na juu ya kibe chumvi tena. Matunda yamekuwa kitu cha watoto. Usingizi umekatwa na zamu ya usiku. Amenenepa, na watu wa kwao wanamsifu, "Kazi inakufaa!" Hakuna anayeuliza tansio yake ni ngapi.

Wazee wetu katika vijiji vingi walikuwa na chumvi ya majivu, waliyoitengeneza kwa kuchoma majani na nyasi fulani na kuchuja majivu yake. Chumvi ya namna hiyo ina potasiamu nyingi kuliko ya dukani. Sikuambii uirudie. Chumvi ya duka yenye iodi ndiyo inayowakinga watoto wako na uvimbe wa shingo na akili nzito, basi endelea kununua yenye iodi, lakini itie kidogo. Nataka uone tu kwamba mwili wetu ulizoea potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na sisi tumeugeuzia mambo.

MAFUTA YA DAMU NAYO YANAINGIAJE?

Watu wengi wakisikia mafuta ya damu wanafikiri ni mtu mnene tu. Sivyo. Mtu mwembamba naye anaweza kuwa na mafuta mengi katika damu.

Mafuta hayawezi kuogelea katika damu peke yake, kama vile mawese yasivyochanganyika na maji. Yanabebwa katika vifurushi. Kuna kifurushi kinachoitwa LDL, kinachochukua kolesteroli na kuipeleka mwilini. Kikizidi, kinaiacha kolesteroli katika kuta za mishipa. Kuna kingine, HDL, kinachookota kolesteroli na kuirudisha katika ini. Tena kuna trigliseridi, mafuta yanayopanda hasa kwa mtu anayekunywa pombe nyingi, anayekula sukari nyingi, au aliyenenepa tumboni. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipata Zawadi ya Nobel mwaka 1985 kwa kuonyesha jinsi seli zinavyoikamata LDL na kuiondoa katika damu.

Kolesteroli si adui tupu. Ngozi ya kila seli imejengwa kwa mafuta, na kolesteroli imo ndani yake. Pompi na milango tuliyoitaja imepandwa katika ngozi hiyo hiyo ya mafuta. Ukibadilisha udongo, mti nao unabadilika. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba kolesteroli ya ngozi ya seli ikiongezeka au ikipungua, mwendo wa pompi nao unabadilika. Na wale waliopima mlango wa sodiamu na lithiamu waliona kwamba mara nyingi mlango huo una mbio kwa watu wenye trigliseridi nyingi. Ndiyo sababu tansio, tumbo kubwa, sukari na mafuta mabaya huonekana mara nyingi katika mtu mmoja, kama ndugu wa nyumba moja.

Utauliza: kwa nini basi dispensari hainipimi milango hiyo? Kwa sababu vipimo vile vilikuwa vya wachunguzi, havikupata kuwa kipimo cha kila siku. Matokeo ya mtu na mtu yanaingiliana mno. Kitambaa cha tansio mkononi kinasema wazi zaidi, tena kwa dakika chache. Lakini uchunguzi ule haukupotea. Baadaye Richard Lifton na wenzake, huko Marekani, walikuta jamaa ambazo tansio yao ya kurithi inatoka katika kosa moja la mwili, na mara kwa mara kosa hilo lilikuwa katika namna figo zinavyoishika chumvi. Njia zote zinarudi kwenye chumvi na milango yake.

MAADUI WAWILI KATIKA BOMBA MOJA

Fikiri bomba la maji. Nguvu ikizidi kila siku, ukuta wa ndani unachubuka. Palipochubuka, uchafu unashika. Katika mshipa, tansio ndiyo inayochubua, na LDL ndiyo inayoingia katika ukuta na kukaa. Miaka inapita, panaota uvimbe wa mafuta. Siku moja uvimbe unapasuka, damu inaganda juu yake, njia inafungwa. Ikifungwa katika moyo, kifua kinabana na mtu anaweza kufa palepale. Ikifungwa katika ubongo, ni kiharusi. Pengine mshipa wa ubongo hupasuka kabisa kwa nguvu ya damu; hicho pia ni kiharusi, na ni kibaya sana.

Ongeza tumbako juu ya mambo hayo mawili, umemwita adui wa tatu. Moshi wa sigara unaharibu ukuta wa mshipa moja kwa moja.

JASHO LA MGODINI

Wengine wananiambia, "Sisi tunatoka jasho jingi, lazima tule chumvi nyingi." Ni kweli jasho lina chumvi. Lakini mwili uliozoea joto unajifunza kuizuia: baada ya siku kama 10 au 14 za kazi ya joto, jasho linatoka jingi lakini chumvi yake inapungua. Kitu cha kwanza unachopoteza ni maji. Kunywa maji kidogo kidogo wakati wote wa zamu, usingoje kiu. Chakula cha kawaida kinatosha kurudisha chumvi kwa mtu anayekula vizuri. Usilambe chumvi, na usimeze vidonge vya chumvi bila kuambiwa na mganga. Ukiona misuli inakaza kwa maumivu, kizunguzungu na kichefuchefu katika joto, toka mahali pale, mwambie mkubwa wako wa kazi, uje dispensari.

Jambo jingine la wachimbaji: vidonge vya maumivu. Mgongo unauma, mtu ananunua dawa sokoni, anameza kila siku. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki zinazifanya figo zishike chumvi na maji, na zinapandisha tansio. Mgongo ukiuma daima, njoo tuutazame.

CHUNGU CHA NYUMBANI

Mama, hapa nguvu yako inapita ya daktari. OMS inashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, ukihesabu na ile iliyojificha katika mkate, kopo na kibe.

Makayabu iloweke katika maji usiku kucha na kuyamwaga mara mbili au tatu kabla ya kupika. Sehemu kubwa ya chumvi itakwenda na maji. Ukitia kibe, usitie chumvi tena. Bikarbonati inayotiwa ili kulainisha sombe au maharage nayo ni sodiamu. Loweka maharage usiku, yatalainika bila hiyo. Usiweke chumvi mezani. Ulimi unazoea: baada ya majuma machache, chakula cha chumvi ya zamani kitakuwa kikali mdomoni.

Ongeza lengalenga, matembele, maharage, ndizi, mapapai, parachichi na viazi vitamu. Ndiyo potasiamu yenyewe. Lakini mgonjwa wa figo asiongeze vitu hivyo bila kumwuliza mganga, kwa sababu figo zilizochoka haziwezi kutupa potasiamu, na ikizidi inaweza kusimamisha moyo.

Mawese je? Mawese mekundu yana vitamini A inayosaidia macho ya watoto, usiyafukuze nyumbani. Lakini karibu nusu yake ni mafuta ya namna inayopandisha kolesteroli. Basi pima kwa kijiko, usimimine kutoka katika chupa. Usiyachome mpaka yawe meupe, kwani unaua vitamini. Samaki wa maziwa na mito yetu, karanga na maharage ni bora kuliko nyama yenye mafuta ya kila siku. Na lutuku, hiyo haihitaji maneno mengi: inapandisha tansio, inapandisha trigliseridi, na inamaliza mshahara.

Mama mwenye mimba apimwe tansio kila anapokwenda kliniki. Akiona kichwa kinauma sana, macho yanaona giza au nyota, uso na mikono inavimba, asingoje kesho. Tansio ya mimba inaweza kumletea degedege na kumwua yeye na mtoto.

WOGA WA KUPIMWA

Najua kwa nini wengine wanakimbia kitambaa cha tansio. Mtu anaendesha kamyo au mashini kubwa, anafikiri: "Wakikuta tansio, kazi yangu imekwisha, na watoto wangu wanasoma." Woga huo una sababu, siucheki. Lakini pima pande mbili. Tansio iliyojulikana na kutulizwa haimzuii mtu kufanya kazi nyingi. Tansio iliyofichwa ndiyo inayomkuta juu ya usukani, kamyo ikiwa imejaa mawe, na wenzake wako mbele. Na mtu aliyepooza upande mmoja hana kazi tena hata akipendwa na wakubwa wote. Anarudi Katoto kubebwa, na mama na watoto wanabeba mzigo.

DAWA NI ZA KILA SIKU

Dawa zinafanya kazi kwenye njia zile zile tulizozieleza. Moja inaziambia figo ziachie chumvi itoke katika mkojo. Nyingine, kama amlodipini, inafunga mlango wa kalsiamu katika ukuta wa mshipa, misuli ikalegea. Kwa mafuta ya damu kuna dawa zinazoitwa statini, zinazolifanya ini liondoe LDL katika damu.

Dawa hizi hazing'oi tansio kama kinini inavyofukuza malaria. Ni kama pompi ya mgodi: ukiizima kwa sababu leo pamekauka, kesho maji yamerudi. Usiache kumeza eti namba imeshuka. Imeshuka kwa sababu unameza. Dawa ikikusumbua, kwa mfano miguu ikivimba au kizunguzungu kikikushika, njoo useme, ziko nyingine. Usigawane dawa na jirani, na ukinywa dawa ya miti, tuambie bila haya.

KUMBUKA MAMBO HAYA

1. Ukiwa mtu mzima, pimwa tansio angalau mara moja kwa mwaka, hata kama huna maumivu. Kama baba au mama yako alikuwa nayo, pimwa zaidi.
2. Kabla ya kupimwa, keti dakika 5. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla.
3. Chumvi kidogo, mboga na matunda mengi, mafuta kwa kijiko.
4. Tembea kwa miguu nusu saa karibu kila siku. Zamu ndani ya kamyo si kutembea.
5. Acha sigara. Punguza pombe.
6. Dawa uliyoandikiwa meza kila siku. Ukienda likizo Katoto, chukua ya kutosha mpaka siku ya kurudi. Treni inaweza kuchelewa.
7. Mkono ukilegea ghafula, mdomo ukipinda, maneno yakipotea, mpeleke mtu hospitali saa ile ile. Usimpe chakula, usimpe dawa mdomoni.

Juma hili, unapotoka kazini, pitia dispensari uoneshe mkono wako. Mwambie na mama wa nyumba aje, na mzee aliyekutembelea kutoka kijijini. Andika namba zako mbili katika kitabu chako cha afya, pamoja na tarehe, na uzijue kwa moyo kama unavyoijua namba yako ya kazi.